Bei Niliyoishusha Bwejuu

Vijana wangu mnaokwea miti ya watu, nakuombeni radhi kwanza. Wiki iliyopita wenzenu wawili walikuja kwangu Mpendae, wakanikuta natia panga makali ingawa sina tena mti wa kulipeleka. Wakaniuliza swali dogo: mti mkubwa wa mkungu uliolalia paa la nyumba Mji Mkongwe, mtu atake kiasi gani? Nikawajibu kwa mzaha, tukanywa chai, wakaenda zao. Walipotoka tu nikaona nimewanyima haki yao. Swali lile lina jibu, na yuko mtu ninayemjua aliyelilipia jibu hilo kwa uti wa mgongo wake. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thalathini. Sikurithi kwa baba. Nilikuwa nachukua mizigo bandarini, na Mzee Mcha, aliyekuwa akikata matawi ya miti ya majumbani, alinichukua kwa sababu alihitaji mtu wa kumshikia kamba. Hakunitaka kwa akili, alinitaka kwa uzito. Miezi minane sikugusa tawi hata moja. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini, kamba imezungushwa kwenye shina, nateremsha tawi analolikata yeye polepole kama mtu anayemshusha maiti kaburini.

Mzee Mcha hakupanda mti kabla ya kuuzunguka. Alikuwa akiugonga shina kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Mti mzima unajibu kwa sauti nene, fupi. Mti uliooza ndani unalia kama ngoma. Aliangalia mizizi kama imeota uyoga, maana uyoga kwenye mizizi ni habari mbaya hata kama majani ni mabichi. Halafu alitafuta maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Hilo la mwisho mimi nilijifunza peke yangu. Siku ya kwanza kuruhusiwa kupanda mwembe, niliingiza mkono kwenye kiota chao. Nilishuka bila kuambiwa, nikavua suruali mbele ya nyumba ya watu, na watoto wa mtaa ule waliniita "bwana maji moto" mpaka walipooa.

Na msisahau hili: tawi zito likate kidogo chini yake kwanza, ndipo ulikate juu. Mimi nilisahau siku moja Mji Mkongwe, uani kwa bibi mmoja, Bi Zuwena. Nilikata juu tu. Tawi likavunjika nusu, likachana na gome la shina, likabembea mpaka dirisha la jirani, dirisha la mbao la kizamani, likalibomoa. Mzee Mcha hakunigombeza. Alimlipa seremala kwa pesa zake, kisha wiki ile ile akanirudisha uani pale pale tumalizie mti.

Bi Zuwena, kwa hali ile, akataka kupunguza bei. "Mcha," akasema, "kukata matawi tu bei yote hiyo? Si kupanda na kushuka?"

"Bi Zuwena, nakuomba twende darini."

Wakapanda, na mimi nyuma yao, mpaka juu kabisa ya nyumba ile ya ghorofa tatu. Mzee Mcha akamwonesha ukingo. "Inama uangalie chini."

Bibi akashika ukuta kwa mikono miwili, akachungulia uani, akarudi nyuma upesi.

"Wewe hapo una ukuta wa kushika," Mzee Mcha akamwambia. "Mimi nakuwa juu zaidi ya hapa, na sina."

Alilipwa bei yake, na siku zote ilikuwa bei ya watu wawili. Hakukubali hata mara moja kutaja bei ya mtu mmoja. "Aliye juu hawezi kujiona," alikuwa akisema. "Anayemwona ni wa chini. Ukimwondoa wa chini, umemfunga macho wa juu."

Mzee Mcha alipofariki, Mungu amrehemu, nilibaki na kamba na sina mwenzangu. Ndipo nikampata Pandu. Pandu alikuwa Mtumbatu, mtu mwembamba mwenye mikono mirefu, amehamia Mpendae na mkewe, Bi Mize. Maneno yake yalikuwa machache. Tukiwa kazini alikuwa na mawili tu: "lete" akitaka kamba, na "basi" ikimtosha. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na nne, mara yeye juu, mara mimi, na sikumbuki siku niliyompa kamba fupi au yeye kunipa ndefu.

Tulianza na kamba za makumbi, zile zinazokwaruza mikono mpaka zinakutoa ngozi. Baadaye zikaja za nailoni. Halafu mkandarasi mmoja aliyetupa kazi ya kupunguza mivinje alituachia mikanda ya kujifungia, ile inayopita kiunoni na mapajani. Pandu alicheka alipovaa. "Wamenifunga kama mbuzi wa Idi," akasema. Lakini baada ya wiki mbili hakutaka tena kupanda bila mkanda. Alikuwa akiufua mwenyewe, hakumwachia Bi Mize.

Hoteli zilipoongezeka pwani ya kusini, kazi ikatufuata. Hoteli moja ya Bwejuu, ambayo sitoitaja, ilikuwa na minazi zaidi ya arubaini ufukweni, na chini ya minazi wamepanga vitanda vya wageni. Mnajua nazi kavu ikidondoka kutoka juu ya mnazi mrefu inafanya nini kwenye kichwa cha mtu. Kwa hivyo kila baada ya muda minazi ile lazima isafishwe: kuangua nazi na madafu, kukata makuti makavu. Meneja akatuita. Mimi na Pandu tukakaa tukapanga bei yetu: watu wawili, malipo ya siku si ya mnazi, na nauli ya kutoka mjini. Meneja akasema atafikiri.

Siku alipopiga simu, Pandu alikuwa kwao Tumbatu, amekwenda kumzika ami yake. Meneja akaniambia bei yetu ni kubwa, wako watu watakaofanya kwa mnazi mmoja mmoja, tena mtu mmoja anatosha. Akataja bei yake. Ukiipigia hesabu kwa siku, ilikuwa nusu ya ile tuliyopanga.

Nataka muelewe hali yangu, si kwa kujitetea. Nilikuwa naezeka nyumba yangu. Kuta zimesimama, mabati yako dukani, na masika yanakuja. Kwenye simu nilisikia watu wakicheka nyuma ya meneja. Kisha nikasema, "Sawa."

Neno moja. Nimekata matawi mazito maishani, lakini sijaangusha kitu kizito kama neno lile.

Pandu aliporudi nilimwambia kazi ya Bwejuu tumeipata. Akafurahi. Akauliza, "Kwa bei yetu?"

Nikamwambia bei.

"Yakhe, mimi nilikuwa nazika," akasema. "Hukuweza kuningoja siku mbili?"

"Angempa mtu mwengine."

"Angempa," akasema Pandu. Basi. Asubuhi ya pili tukaenda.

Mara ya kwanza tulikwea kama tulivyozoea, mmoja juu na mmoja chini, tukagawana. Tulipohesabu baada ya nauli tukaona kilichobaki hakifiki popote. Mara ya pili tukafanya lile ambalo Mzee Mcha angetufukuza kazi kwalo: kila mtu akachukua minazi yake, peke yake. Hakuna wa chini.

Na habari ya bei haikai mahali pamoja. Haukupita msimu, hoteli za jirani zote zilikuwa zikisema, "Mbona Khamis wa mjini anafanya kwa bei hii?" Wakwezi wa Bwejuu wenyewe, watu waliozaliwa chini ya minazi ile, walikuwa wakilipwa vizuri kidogo kabla sijafika. Mmoja wao, Simai, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alinisimamisha njiani.

"Wewe ndiye Khamis?"

"Naam, ndiye mimi."

"Umekuja kutoka mjini kutushushia sisi? Mimi nna watoto sita. Jana nimeambiwa bei ya Khamis. Mimi si Khamis."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia asiyetaka aache. Nimelijutia jibu hilo, na mwenyewe nilikuja kumwambia, lakini hilo lilikuwa baadaye.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, baada ya mvua ya alfajiri. Ukwezi na mvua haviendi pamoja, shina la mnazi likilowa linateleza kama sabuni, na desturi yetu ilikuwa kungoja jua lilikaushe. Lakini meneja alitaka tumalize kabla wageni hawajatoka kwenye chai ya asubuhi. Angetulipa kwa minazi tutakayomaliza. Isiyomalizwa, haina malipo. Tukaanza.

Mimi nilikuwa kwenye mnazi wa tano kutoka kwake, nimempa mgongo. Nilisikia kuti likianguka. Kuti kavu linaanguka kwa kukwaruza, kwa kelele. Nikaendelea na kazi. Kisha nikagundua kwamba nilichokisikia hakikukwaruza.

Sikumbuki niliteremka vipi. Pandu alikuwa chali mchangani, macho wazi, na panga lake limesimama pembeni limejichoma kwenye mchanga. Mkanda wake ulikuwa umetundikwa kwenye kitanda cha wageni, umekunjwa vizuri. Hakuuvaa. Kujifunga na kujifungua kwenye kila mnazi kunakula muda, na sisi tulikuwa tukilipwa kwa mnazi.

"Pandu!"

"Nipo," akasema. "Miguu yangu imekaa vizuri? Siioni."

Miguu ilikuwa imekaa vizuri. Nikamwambia hivyo. Akaniuliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Imebaki mingapi?"

"Mingapi nini?"

"Minazi. Yangu ilibaki minne."

Hoteli ilitupa gari mpaka hospitali, na taulo la kumwekea kichwani. Sitowanyima hilo. Nilipokwenda siku ya tatu kuuliza nani atagharimia, meneja alinikalisha kwa heshima, akaniletea juisi, akasema Pandu si mfanyakazi wao. Hakuna karatasi. Yeye alikubaliana na mimi, na mimi nilikubali kazi ya mnazi mmoja mmoja. Kila alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichonichoma.

Pandu hakutembea tena.

Ilinichukua siku nyingi kwenda kuzungumza na Bi Mize. Nilikuwa nakwenda nyumbani kwao, napeleka unga, samaki, nakaa na mgonjwa, naondoka. Siku moja nilimkuta nje anaanika nguo, nikamwambia kila kitu: simu, mabati, lile neno "sawa". Aliendelea kuanika mpaka nilipomaliza. Kisha akafuta mikono kwenye kanga.

"Bwana Khamis, mume wangu bei aliijua. Hukumdanganya."

"Sikumdanganya."

"Lakini ulimjua. Ulijua ukishakubali wewe, yeye hatokataa, maana hatokuacha uende peke yako." Akainua beseni lake. "Mimi hasira zangu ziko hapo. Kwengine sina."

Nilirudi kwangu. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati mapya, hayavuji hata tone, na sikuweza kukaa ndani.

Nilikwenda Bwejuu kumwambia meneja kwamba sikwei tena kwa malipo ya mnazi. Akatabasamu, akasema hakuna tabu, wako wengine. Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Simai. Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba yake anasuka kamba. Nikampa mkono, akaupokea bila kuniangalia. Nikamwomba radhi kwa lile jibu langu la njiani. Kisha nikamweleza yote kama nilivyomweleza Bi Mize.

Alisuka hatua nyingine nzima kabla ya kusema. "Sasa unataka nini kwetu?"

"Msikubali bei yangu."

"Tukikataa tutakula nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nafikiri ndio uliomfanya anisikilize. Akasema, "Wewe ndiye uliyeishusha. Basi wewe ndiye utakayekwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu, kwa mdomo wako, imemfanya nini mwenzako. Mimi sisemi kwa niaba yako."

Nilikwenda. Wakwezi wa Bwejuu na vijiji vya jirani walikuwa kumi na saba. Kila baraza nilisimulia. Wengine walinitukana, na nilikaa nikatukanwa. Mmoja alilia, kwa sababu kaka yake naye alianguka na hakuna aliyeuliza. Mwisho tukakutana kwa Simai tukakubaliana maneno manne: hakwei mtu peke yake, malipo ni ya siku, shina likiwa na maji kazi inangoja, na akiumia mtu, mwenye mnazi anagharimia matibabu. Tukamwomba mwalimu wa skuli atuandikie vizuri, tukatia saini, wengine dole gumba.

Msidhani ilikuwa rahisi. Hoteli zilikataa masharti yetu, nasi tukaacha kukwea. Wiki ya tatu wawili wetu walivunja mapatano, walikuwa na njaa. Simai hakuwafukuza. Aliwapelekea mhogo, wakarudi. Mimi mwenyewe niliuza msumeno wangu wa moto ili watu wasubiri. Huko hotelini nazi zikakauka juu, makuti yakaning'inia. Siku moja nazi ikadondoka, ikapasua kitanda cha mgeni katikati. Mgeni mwenyewe alikuwa amekwenda kuoga. Jioni ile ile meneja alipiga simu.

Nikampelekea karatasi yetu, akaisoma mara mbili. Akabisha kidogo juu ya matibabu, kisha akatia saini. Nilichukua nakala nikampelekea Pandu, alikuwa amelazwa kwa ubavu karibu na dirisha. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka kwenye malipo ya siku. Kidole kikasimama hapo.

"Hii si ndiyo bei yetu? Ile tuliyopanga sisi, mwanzo?"

"Ndiyo."

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

Akaiweka karatasi kifuani kwake. "Kumbe pesa walikuwa nazo," akasema.

Sikuweza kumtazama. Nikamwomba radhi siku ile, waziwazi, kwa mara ya kwanza. Alisema, "Nipeleke Bwejuu nikaone."

Tukakodi gari, mimi na shemeji yake tukambeba, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki pembeni ya ufukwe ule, mto mgongoni. Simai alikuwa juu ya mnazi, amejifunga mkanda, na mwenzake chini ameshika kamba, shingo imeinuka, hapepesi. Kole la nazi, shada zima, likakatwa, likafungwa, likateremshwa taratibu mpaka mchangani bila kishindo. Simai akakaa kidogo huko juu, akapumua, akakagua fundo lake, akaendelea. Pandu aliangalia, mkono mmoja ukiwa gotini, kidole kikisogea kidogo kila kamba ilipolegezwa. Nilijua alikuwa akisema kimoyomoyo: lete, lete, basi.

Meneja akapita. Hakumtambua Pandu, alikuwa amekonda sana. Aliona mzee kwenye kiti, akamwamkia kwa adabu, shikamoo, kisha akaangalia saa na kutikisa kichwa.

"Mzee wangu, hawa jamaa wako wanachelewa kweli. Zamani mtu mmoja alikuwa akimaliza safu hii kabla ya chai."

Pandu hakugeuza macho kutoka juu ya mnazi.

"Waache wachelewe," akasema.